Karatasi ya Karanga

Nimenunua karanga za mia tano mwaloni Kayenze,
za moto, zimekolea chumvi,
ndani ya koni ya karatasi kama siku zote.
Mara nyingi huwa ni mtihani wa mtoto fulani,
hisabati, sita kwa thelathini,
nami humwonea huruma huku natafuna.
Leo, kwenye punje za mwisho,
nimemkuta baba.

Bujiku Ng'wandu. Shotigani, mtutu mmoja. Risasi: tisa.
Inapotunzwa: juu ya kabati, chumba cha kushoto.
Wakazi: wawili, mmoja mzee.
Mbwa: hana.
Chini yake mafuta yamelowesha wino, sikusoma zaidi.

Naukumbuka mwaka ule wa uhakiki.
Tangazo lilipita na spika juu ya pikipiki:
kila mwenye silaha ailete kituoni,
asiyekuja atahesabiwa jambazi.
Baba aliiviringisha bunduki kwa khanga ya marehemu mama,
nikampakia kwenye baiskeli, amepakata kama mtoto mgonjwa.
Bunduki ya viboko, si ya watu.
Walipanda usiku kutoka ziwani, wakala viazi vyetu,
naye akitoka, akipiga hewani,
wao wakasikiliza kwa heshima
wakaendelea kula.
Hakuwahi kumpata hata mmoja.

Koplo Mlowe alikuwa mpole, niseme kweli.
Alimpa baba kiti.
Nami nikaambiwa ningoje nje.
Baba, ambaye hata mama hakuwahi kujua
pamba aliiuza shilingi ngapi,
alijibu mle ndani kwa saa nzima.
Nakala tatu, nilisikia koplo akisema, andikeni nakala tatu.
Alitoka vidole kumi vina wino.
Njia nzima mikono ameiweka mbali na shati
kama mtu aliyetoka kuchinja.

Msinielewe vibaya.
Kule Igoma walimuua Nyamizi, wakala wa pesa,
kwa bunduki ya kuazima,
na daftari kama hili ndilo lililomtaja mwenyewe.
Nilikuwa msibani. Nikasema afadhali wanahesabu.
Leo bado nasema, ila kwa nusu mdomo:
bunduki si kuku, wa kuzurura mitaani bila mwenyewe.
Lakini kuhesabiwa ni jambo moja,
kuuzwa kwa kilo ni jambo jingine.

"Karatasi hizi umezitoa wapi?"
Kagemulo akainua furushi kutoka chini ya meza.
"Kirumba, sokoni. Kilo mia tisa. Ni safi, hazina vumbi."
Humo imo Kayenze nzima na nusu ya Igombe.
Musiba, raifo, kabatini.
Mjane wa Shija, bastola ya marehemu, chini ya godoro,
anaishi peke yake.
Anaishi peke yake, kwa mwandiko mzuri wa shule,
nukta imewekwa mahali pake.
"Umefunga koni ngapi tangu asubuhi?"
Akacheka. "Nani anahesabu koni?"

Nimelinunua furushi lote.
Nimepikia sato, moto umewaka vizuri,
majina yamejikunja moja moja.
La baba sikulichoma.
Nimelikausha juu ya jiwe, nikalisogeza kwenye taa,
na pale penye mafuta maneno yakajitokeza:
Afya: macho. Usiku haoni kabisa, mwaka wa nne huu.
Ameomba familia isiambiwe.

Saa nane viboko wamepanda.
Nimesikia kabati likilalamika, nyayo zake zikipapasa kizingiti.
Nikatoka nikamtangulia na tochi,
nikisema kwa sauti, kama mtu anayejisemea,
siku hizi naogopa nyoka.
Akanishika bega.
Hakuuliza.
Akaelekeza mtutu juu, kule kusiko na mtu.